Kona ya Mpigapicha: Kamera Mpya au Flashi ya Pembeni?

Barua nne nilizozichagua safari hii zimetoka miji minne tofauti, lakini zote zinazunguka jambo moja, nalo ni flashi inapoachana na kamera. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu fedha inayozungumzwa humo ni akiba ya mtu, na akiba ikishaachwa dukani hairudi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Morogoro, napiga picha za send-off na harusi kwa kutumia Canon 4000D na lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo kwenye boksi. Nikitumia flashi ya kamera, nyuso za watu hutoka bapa na zenye kung'aa kama zimepakwa mafuta, na nyuma yao ukumbi unakuwa giza tupu. Nikiizima, picha inakuwa ya njano na imejaa chengachenga. Nimeweka akiba ya shilingi 1,200,000. Wenzangu wananiambia niuze hii kamera ya wanafunzi nitafute ya fremu kamili, ile yenye kihisi kikubwa cha kupokelea picha, hata kama ni ya mtumba. Unanishauri nini?

JIBU: Marahaba. Wenzako hawajakosea wanaposema kamera yako ni ya ngazi ya chini. 4000D ilitoka mwaka 2018 ikiwa imepunguziwa karibu kila kilichoweza kupunguzwa: sehemu ya kufungia lenzi ni ya plastiki, swichi ya kuwashia imeunganishwa na gurudumu la kuchagulia namna ya kupiga, kidude cha kurekebisha tundu la kuchungulia kwa ajili ya mtu mwenye miwani hakipo, nukta za fokasi ni 9, na kwa sekunde moja inapiga picha 3 tu. Yote hayo ni kweli, na ipo siku yatakuudhi kiasi cha kuiacha. Hata hivyo, malalamiko uliyoniandikia hayatokani na hata moja kati ya hayo. Kamera hiyo ina megapikseli 18, yaani picha ya pikseli 5184 kwa 3456, ambayo ukiichapisha kwa nukta 300 kwa kila inchi inajaza karatasi ya sentimita 44 kwa 29, karibu sawa na A3. Sijaona albamu ya harusi inayodai zaidi ya hapo.

Kinachoharibu picha zako ni mahali flashi ilipo. Ile flashi ndogo inayochomoza juu ya kamera iko sentimita chache tu kutoka kwenye lenzi, kwa hiyo mwanga wake unasafiri katika mstari uleule ambao kamera inatazama. Kivuli kinajificha nyuma ya mtu, na pasipo kivuli jicho halina cha kupimia urefu wa pua wala mviringo wa shavu; ndiyo maana uso unaonekana kama umebandikwa. Jasho la ukumbini nalo linaurudisha mwanga huo moja kwa moja kwenye lenzi, na hapo ndipo unapopata yale mafuta unayoyalalamikia. Kuhusu giza la nyuma, sababu yake ni kwamba mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: bi harusi akiwa mita 2 kutoka kwenye flashi na meza ya wazazi ikiwa mita 6, wazazi wanapata sehemu moja tu kati ya 9 ya mwanga anaoupata bi harusi.

Sasa tuseme umewasikiliza wenzako ukanunua Canon 6D iliyotumika. Kihisi chake ni kikubwa na kitapunguza chengachenga, hilo sikatai. Lakini 6D haina flashi ya ndani kabisa, na lenzi yako ya 18-55, ambayo ni ya aina ya EF-S, haifungiki kwenye bodi hiyo, yaani kamera yenyewe bila lenzi, kwa hiyo utabaki na bodi tupu mkononi huku ukitafuta fedha ya lenzi. Taa za ukumbi zitaendelea kuwa za njano, na siku utakapochomeka flashi juu ya bodi hiyo na kuielekeza mbele, uso utatoka bapa vilevile, kwa ubora wa juu zaidi.

Ushauri wangu ni kwamba bodi ibaki, na fedha iende kwenye mwanga. Nunua flashi moja yenye kipokezi cha redio ndani yake, triga ya kuchomeka juu ya kamera (kidude kinachoifyatua flashi kwa redio), stendi, mwavuli mweupe wa kupenyeza mwanga pamoja na kishikizo chake, na seti mbili za betri za AA za kuchaji za aina ya NiMH, ambazo huijaza flashi upya haraka kuliko betri za kawaida za kutupa. Flashi kama Godox TT600 inafanya kazi hii vizuri: inapokea amri kwa redio ya 2.4 GHz kutoka umbali unaofika mita 100 mahali pa wazi, na nguvu yake inashushwa kutoka 1/1 hadi 1/128. Haina TTL, ule mfumo wa kamera kupima na kuamua nguvu ya flashi yenyewe, lakini kwa anayejifunza nauhesabu upungufu huo kuwa baraka. TTL hukisia upya kwa kila picha, na katika harusi zetu, ambako shela jeupe na suti nyeusi vinabadilishana nafasi mbele ya lenzi, kipimo chake hubadilika kila ukigeuka: shela likijaa picha inatoka ya kijivu, suti ikijaa uso unaungua. Flashi uliyoipanga kwa mkono inatoa kiasi kilekile mpaka wewe mwenyewe uibadilishe.

Hapa kuna mtego ambao ni lazima nikutahadharishe nao, kwa kuwa unaihusu kamera yako moja kwa moja. Tazama ile sehemu ya kuchomekea flashi juu ya 4000D. Kwenye kamera nyingi utaona kinukta kikubwa cha chuma katikati, na hicho ndicho kinachofyatua flashi au triga ya kampuni yoyote. Kwenye kamera yako kinukta hicho hakipo. Canon waliacha kukiweka kwenye baadhi ya kamera zao za bei ya chini, zikiwamo 2000D na 4000D, wakabakiza zile pini ndogo tu ambazo flashi na triga zilizotengenezwa kwa ajili ya Canon huzielewa. Ukichomeka TT600 moja kwa moja juu ya 4000D haitawaka, nawe utadhani umeuziwa mbovu. Unachohitaji ni triga ya toleo la Canon ambayo orodha yake ya kamera inataja 4000D, au 3000D, ambalo ni jina la kamera hiyohiyo katika masoko mengine. Flashi yenyewe ikishakuwa kwenye stendi inasikiliza redio tu, kwa hiyo kukosekana kwa kinukta hakuidhuru. Nenda dukani na kamera yako, ufyatue mara kumi kabla ya kulipa, na muuzaji akinuna mwache anune.

Vifaa vikishafika, usivipeleke ukumbini siku hiyohiyo. Chukua nazi iliyofuliwa, yenye nyuzinyuzi zake zilizobaki, uiweke mezani mita moja na nusu kutoka ukutani, usiku, taa ikiwa imezimwa. Ipige kwanza kwa flashi ya kamera: utapata duara la kahawia lisilo na habari. Kisha weka stendi upande wa kushoto, juu kidogo ya nazi na mbele yake, uelekeo wa saa moja na nusu tukiichukulia nazi kuwa katikati ya saa na kamera kuwa kwenye saa kumi na mbili. Hapo kila unyuzi unajitokeza na mviringo unaanza kusomeka. Sogeza stendi hadi ubavuni kabisa na nusu ya nazi inazama gizani. Ipeleke nyuma, nje ya fremu, na utaona utepe mwembamba wa mwanga umeizunguka nazi na kuitenga na ukuta. Baada ya hapo weka mwavuli mbele ya flashi na utazame ukingo wa kivuli kilichoanguka mezani. Flashi tupu hutoa ukingo mkali kama uliokatwa kwa wembe, mwavuli ulio karibu huuyeyusha, na mwavuli huohuo ukiusogeza mita 4 nyuma ukali unarudi, kwa sababu ukiangaliwa kutoka ilipo nazi umekuwa mdogo. Ulaini wa mwanga unatokana na ukubwa wa chanzo kikilinganishwa na umbali wake. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao zaidi kuliko kwa kivuli, kwa hiyo chanzo kipana kilichowekwa karibu, chenye kutandaza mng'ao mwororo shavuni badala ya kuudondosha kama tone la mafuta, ndicho kitakachokupatia wateja.

Ukumbini, anza na flashi ikiwa imezimwa. Weka ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 1600, tundu la lenzi f/5.6 na shata (muda wa kufunguka) ya 1/60 ya sekunde, upige picha moja ya ukumbi wenyewe. Unataka ukumbi uonekane hafifu, mapambo na taa vikisomeka. Ndipo uwashe flashi kwa nguvu ya 1/16 na uipandishe au kuishusha mpaka uso ukae sawa. Kumbuka kwamba mlipuko wa flashi ni mfupi mno, takriban 1/300 ya sekunde ikiwa kwenye nguvu kamili na mfupi zaidi kila unapoipunguza, kwa hiyo kurefusha shata hakumwongezei bi harusi mwanga wa flashi. Kunauongezea ukumbi tu. Tundu la lenzi na ISO vinagusa vyote viwili. Ukilielewa hilo, umepata mikono miwili inayofanya kazi mbali mbali: shata kwa ajili ya ukumbi, nguvu ya flashi kwa ajili ya mtu. Ili ile njano isipigane na weupe wa flashi, funika flashi kwa kipande cha plastiki ya rangi ya chungwa kinachouzwa kwa kazi hiyo, kisha uiambie kamera kwamba unapiga chini ya balbu.

Kuhusu mahali pa stendi, watu wa harusi hawaangalii chini, hasa wakati wa kutunza, wanapokuja mbele kwa kucheza wakiwa wameinua zawadi. Mimi huifunga stendi kwenye nguzo au nyuma ya spika ya muziki, naipandisha mita 2 na nusu, na mguuni naning'iniza mfuko wa mchanga. Wakati wa kulishana keki huwa namwita kijana ashike flashi kwenye fimbo, kwa kuwa pale hakuna stendi itakayosalimika.

Fedha ikibaki, ongeza lenzi ya Canon 50mm f/1.8 STM. Kwa f/1.8 inapitisha karibu mara 10 ya mwanga unaopita kwenye lenzi yako ya sasa iliyovutwa hadi mwisho, ambako tundu lake kubwa kabisa ni f/5.6, na siku utakapohamia fremu kamili, lenzi hiyo utahama nayo. Bodi uibadilishe utakapoona kwamba fokasi inakukimbia gizani ilhali mwanga umeupanga sawasawa, au utakapoanza kupokea kazi ambazo ukizipoteza huwezi kuzirudia. Kwa kazi za namna hiyo mimi ningetafuta bodi yenye nafasi mbili za kadi kabla ya kuulizia ukubwa wa kihisi, maana kadi moja ikigoma usiku wa harusi hakuna maelezo utakayompa mama wa bi harusi akayakubali.

SWALI: Mwalimu, nina studio ndogo ya picha za paspoti hapa Tanga. Ili kuondoa kivuli kinachoanguka nyuma ya kichwa cha mteja nimenunua flashi mbili zenye jicho, zinazowaka zenyewe zikiona flashi ya kamera. Zote mbili zinawaka, naziona kwa macho yangu, lakini kwenye picha mwanga wake haupo kabisa. Fundi amezifungua hakuona kasoro. Tatizo ni nini?

JIBU: Dada yangu, flashi zako ni nzima, ila zinawaka mapema. Flashi ya kamera ikiwa kwenye TTL hutoa mwako mdogo wa kupimia sehemu ndogo sana ya sekunde kabla ya mwako wenyewe. Miwako hiyo miwili imefuatana kwa kasi kiasi kwamba jicho la binadamu linaiona kuwa mmoja, lakini jicho la flashi halidanganyiki: linaitikia mwako wa kwanza, flashi inamwaga mwanga wake wote, na shata inapofunguka inazikuta zinajijaza upya. Umeshuhudia mwanga ambao kamera haikuwapo kuuona.

Angalia vibonyezo vya flashi zako kama zina chaguo la S1 na S2. S1 huitikia mwako wa kwanza unaouona. S2 huupuuza mwako wa kupimia na kusubiri ule wa kweli, kwa hiyo kwako ni S2. Kama hazina S2, ingia kwenye menyu ya kamera, tafuta mpangilio wa flashi ya ndani na uitoe kwenye TTL uiweke kwenye nguvu ya mkono, ya chini kabisa kama 1/32, ili iwe ya kuzistua zile mbili tu bila kutia kivuli. Si kamera zote za wanaoanza zinazoruhusu hilo. Yako ikikataa, ondoka kwenye macho uende kwenye redio, ununue triga yenye vipokezi viwili.

Hata baada ya hapo, kivuli cha nyuma ya kichwa hakiondoki kwa wingi wa flashi. Msogeze mteja mita moja na nusu mbele ya pazia, uinue flashi moja juu ya usawa wa macho yake kupitia mwavuli, na ile ya pili uielekeze kwenye pazia lenyewe. Kivuli kitaanguka sakafuni, mahali ambapo picha ya paspoti haifiki. Neno moja zaidi, kwa kuwa studio za zamani huwa na makabati yaliyojaa vitu: usichomeke juu ya kamera ya kidijitali flashi ya miaka ya sabini uliyorithi bila kuipima. Baadhi yake, kama Vivitar 283 za mwanzo, zinarudisha zaidi ya volti 200 kwenye kinukta cha kufyatulia, na zipo kamera zisizostahimili hata volti 10. Kwa triga ya redio au kwa jicho, flashi kama hiyo inakuwa mbali na kamera yako na haiwezi kuidhuru.

SWALI: Hujambo mhariri. Niko Nairobi, natumia Canon 700D na flashi ya Yongnuo YN560 IV kwenye stendi, pamoja na triga yake. Ndani ya nyumba kila kitu kiko sawa. Nikipiga picha za mahafali mchana kwa 1/1000, utepe mweusi unatokea upande mmoja wa picha na unafunika karibu picha nzima. Je, triga imeharibika?

JIBU: Sijambo. Triga yako haina neno. Shata ya kamera yako ni mapazia mawili: la kwanza linafunguka, la pili linafuata kufunga. Kwa mwendo wa polepole kuna wakati ambapo la kwanza limeshafika mwisho na la pili halijaanza safari, na hapo kihisi chote kiko wazi. Kwa 700D, mwendo wa mwisho wenye nafasi hiyo ni 1/200. Ukipita hapo, pazia la pili linaondoka kabla la kwanza halijafika, na kihisi kinaangaziwa kupitia ufa unaotembea. Flashi huwaka mara moja tu, kwa hiyo inaangaza ile sehemu ambayo ufa umeifikia, na kwingineko kote ni pazia. Kwa triga za redio ningeshuka hadi 1/160, maana nazo zina kuchelewa kwake kidogo.

Najua utauliza jua utalifanya nini. Kwenye jua kali, ISO 100 na shata ya 1/200, tundu litakuwa karibu na f/11, na hapo ndipo flashi ndogo inapoanza kutweta. Hesabu yake ni rahisi: namba elekezi ya flashi, yaani kipimo cha nguvu yake, igawanye kwa namba ya tundu, nawe utapata umbali kwa mita. Flashi yenye namba elekezi 33 ukiigawanya kwa 11 inafika mita 3. Ukiweka mwavuli unaokula nusu ya mwanga, zinabaki mita 2. Usidanganywe na namba iliyoandikwa kwenye boksi, kwa sababu watengenezaji huipima flashi ikiwa imebana mwanga wake kama tochi. TT600 niliyoitaja juu inajiita 60, lakini ni pale kichwa chake kinapovutwa hadi milimita 200, upana ambao hutautumia ukiwa na mwavuli.

Kuna mfumo uitwao HSS, ambao flashi hupigapiga mfululizo wakati ufa wa shata unatembea, na ungekuruhusu hiyo 1/1000 yako. YN560 IV haina mfumo huo. Tena, hata flashi zilizo nao hupoteza nguvu nyingi zikiutumia, kwa hiyo ungeisogeza flashi karibu zaidi na mhitimu, karibu kiasi cha kuingia kwenye picha. Kioo cheusi cha ND mbele ya lenzi kitakuwezesha kufungua tundu hadi f/4 na kuyeyusha mandhari ya nyuma, lakini kinapunguza jua na flashi kwa pamoja, hivyo flashi yako itafanya kazi ileile iliyoifanya kwenye f/11.

Kwako ningefanya hivi: mpeleke mhitimu kwenye ukingo wa kivuli cha mti, jua likiwa nyuma yake, flashi mita moja na nusu kutoka usoni bila mwavuli au na mwavuli mdogo, shata 1/160. Na stendi ishikwe na mtu. Mwavuli ni tanga, hata kwenye upepo unaoudharau. Mimi wangu uliruka ufukweni Kigamboni pamoja na stendi, flashi ikatua kwa mguu wake wa plastiki, na mguu ukabaki ndani ya kishikizo. Sikuwa na wa kumlaumu. Mfuko wa mchanga nilikuwa nimeuacha garini, mahali ambapo mchanga ulikuwa umetuzunguka pande zote.

SWALI: Assalaam aleikum. Nipo Unguja na nina Nikon D3400. Kuna mtu ananiuzia lenzi ya 50mm f/1.8D kwa bei nzuri sana, na mwingine ananiuzia bodi ya D7200. Nikichukua lenzi peke yake itanitosha? Nia yangu ni kuanza kutumia flashi mbali na kamera.

JIBU: Waaleikum salaam. Lenzi hiyo peke yake haitakutosha, kwa sababu fokasi yake inazungushwa na mota iliyo ndani ya bodi, na D3400 haina mota hiyo. Utailenga kwa mkono, jambo linalowezekana kwa kikombe cha kahawa lakini si kwa mtoto anayekimbia. Inayofaa kwa D3400 ni AF-S 50mm f/1.8G, yenye mota yake ndani.

Wewe, tofauti na kijana wa Morogoro, una sababu ya kweli ya kubadilisha bodi. D7200 ina mota, kwa hiyo lenzi ile ya bei nzuri itaamka. Ina nafasi mbili za kadi. Na flashi yake ya ndani inaweza kuziamuru flashi za Nikon kama SB-700 zilizo mbali nayo, ikiwamo kuzipangia nguvu, bila triga yoyote. D3400 haiwezi hilo. Ila fahamu kwamba amri hizo zinakwenda kwa miali ya mwanga: ndani ya chumba zinafika vizuri kwa kugonga kuta, nje kwenye jua, au flashi ikiwa imejificha nyuma ya mlango wa Kizanzibari, zinapotea. Ukiwa mtu wa kupiga nje, triga ya redio itafaa zaidi, na hiyo inafanya kazi hata na D3400 yako, ambayo ina kinukta cha katikati.

Ukienda kuiangalia D7200, piga picha moja ya JPEG na uisome kwa programu inayoonyesha idadi ya mifyatuo, kwa kuwa Nikon huiandika namba hiyo ndani ya faili; shata ya D7200 imejaribiwa kiwandani kwa mifyatuo 150,000. Piga ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya kihisi. Jaribu kadi katika nafasi zote mbili. Chomeka flashi juu yake na uifyatue, maana vinukta vya juu vikishaingiwa na kutu ya chumvi havisemi mpaka uvijaribu. Kisha chukua tochi ya simu, uimulike lenzi kwa nyuma huku ukichungulia kwa mbele, tundu likiwa wazi. Katika hewa yetu ya pwani kuvu hupenda kioo kilichofungiwa kabatini, na huonekana kama utando wa buibui au matawi meupe membamba yanayoanzia pembeni. Ukiyaona, rudisha lenzi kwa mwenyewe hata kama picha ulizopiga zimetoka safi, na usiichanganye na lenzi zako kwenye mkoba mmoja.